Abiria wa Ishirini na Mbili

Nishiwaki Takao alimtazama maiti kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akageukia ukuta.

"Ndiye," alisema. "Ni mama."

Inspekta Kuzumi Tokie, aliyesimama ng'ambo ya kitanda cha chuma, alimtazama yeye, si maiti. Katika miaka ishirini na sita ya upolisi alikuwa amewaona wengi wakiingizwa katika chumba kile cha maiti cha hospitali ya Asamine. Kuna waliokataa kabisa kufumbua macho, na kuna walioshindwa kuyabandua. Lakini mtu wa kuangalia mara moja tu, kama anayetazama saa, hakuwa amemwona bado.

"Hakuna haraka, Bwana Nishiwaki. Mtazame tena."

"Nimeishi naye nyumba moja miaka hamsini na saba. Nimtazame mara ngapi?" Akajifuta kipaji cha uso kikavu. "Kibali cha kuchoma maiti kinatoka lini? Nimeshaongea na watu wa tanuri. Wana nafasi Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Umeongea nao lini?"

"Nikiwa njiani kuja."

"Kabla hujamwona?"

Nishiwaki alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Mlinipigia simu mkaniambia kuna bibi amekutwa amekufa bustani ya Shirasawa, na mfukoni ana jina langu. Mlitaka nidhani ni nani?"

Hilo lilikuwa kweli. Mtunza bustani ndiye aliyemwona bibi yule Alhamisi saa moja asubuhi, ameegemea mti katika njia ya chini inayokwenda maegesho ya nyuma, ambako wageni hawapiti. Daktari alisema ni moyo na baridi. Usiku ule mvua iligeuka theluji ya majimaji. Hakuwa na mkoba wala kitambulisho. Mfukoni mlikuwa na vitu viwili tu: nusu ya biskuti ngumu ya mchele, na karatasi ya kufutia mdomo iliyoandikwa kwa kalamu, "Nishiwaki. Gari la kijivu. Namba inaishia 48." Kwa maneno hayo machache polisi walilipata gari, na mwenye gari akaja siku ileile.

Walikaa katika chumba kidogo cha hospitali. Sajenti Hamaguchi, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na ambaye magoti yake yalilia kila akiinama, alileta chai ya kijani.

"Jana mlifika bustanini saa ngapi?" Kuzumi aliuliza.

"Saa tano hivi. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu. Alitaka kuona maua ya miplamu kabla hayajapukutika. Amezaliwa huku. Kila mwaka ikifika Februari wimbo ni huohuo, Shirasawa, Shirasawa."

"Mkala nini?"

"Tofu ya moto, pale kwenye kibanda cha chai. Kingine hawezi. Tangu ang'olewe meno hata wali mpaka nimpondee."

"Halafu?"

"Nikamkalisha kwenye benchi nikaenda kumnunulia togwa ya mchele. Kurudi, hayupo."

"Ukawaambia walinzi?"

Nishiwaki aliuzungusha mkebe wa sukari ambao hakuna aliyekuwa akiuhitaji. "Mama ni mkaidi. Akikasirika hujiondokea. Nilidhani amepanda treni."

"Mtu wa miaka themanini na tatu."

"Humjui mama yangu. Na mkongojo wake ule, anakwenda mpaka Tokyo."

"Kichwa chake je? Alikuwa anasahau?"

"Asahau?" Kwa mara ya kwanza mtu yule alicheka. "Kichwa chake wembe. Anakumbuka makosa yangu ya darasa la pili. Angekuwa anasahau, ningepumzika."

Alipokwisha kuondoka kwenda kwenye nyumba ya wageni, Hamaguchi alisukuma kikombe chake kando.

"Amemtupa, afande. Amemleta mbali, akamkalisha kwenye maua, akamtupa kama paka. Tumwandikie kosa la kumtelekeza mzazi tufunge jalada."

Kuzumi alikuwa ameshika ile karatasi ya kufutia mdomo ndani ya mfuko wake wa plastiki. "Mama mwenye kichwa cha wembe anaandika jina la mwanawe na rangi ya gari lake ya nini?"

"Ili akianguka, watakaomwokota wajue."

"Basi angeandika jina lake mwenyewe. Haya yameandikwa na mtu anayelitafuta gari asilolijua." Akasimama. "Na mkongojo uko wapi? Mwite daktari."

Walirudi kwenye kitanda cha chuma. Daktari alibonyeza taya ya maiti, akamulika. Meno yalikuwa yamegeuka rangi kwa chai ya miaka mingi, lakini yalikuwa yote, yamekaa imara kama mawe ya ukingo. Kuzumi aliisogeza ile nusu ya biskuti kwenye mwanga. Alama za meno zilionekana wazi.

Hamaguchi alijikuna kisogo. "Mwana haramu! Lakini afande, mtu atadanganya kuhusu maiti ya mama yake ili apate nini?"

"Apate kutokuwa na mama."

Yalibaki maswali mawili: huyu aliyelala hapa ni nani, na Nishiwaki Hanae yuko wapi. La pili ndilo lililowatoa mbio. Kama bibi mmoja aliganda katika njia ya chini, wa pili angeweza kuwa ndani ya kidimbwi au kwenye korongo nyuma ya msitu wa mianzi. Kabla ya saa tisa Kuzumi alikuwa amekusanya polisi kumi na wawili, wakaipekua Shirasawa hatua kwa hatua kwa fimbo ndefu, huku wageni wakiinua simu kupiga picha matawi meupe na kulalamika kwamba sare za polisi zinawaharibia picha. Bwana mmoja alimwomba Hamaguchi asogee kidogo, maana alikuwa ameziba mti mwekundu. Hamaguchi akasogea, akaendelea kuchoma tope.

Mpaka jua linazama walikuwa wameopoa mwavuli, viatu vya mtoto na samaki mmoja aliyekufa. Hanae hakuwamo.

Kuzumi aliomba koti la marehemu, akaliweka kwenye meza ya mlinzi wa maegesho, akaanza kulipapasa upya kuanzia kola. Upande wa kushoto wa kifua alikuta pini ndogo. Pini ilikuwa imefungwa, na haikushika kitu, ila nyuzi mbili za njano zilizonasa kwenye kichwa chake.

"Mzee," alimwambia mlinzi, "Jumatano ulimwona mtu aliyevaa kitu cha njano hapa kifuani?"

"Mtu? Basi zima!" alisema mlinzi. "Wazee wa mtaa wa Tachibana, kila mmoja na utepe wake. Waliondoka saa kumi kamili. Kiongozi wao mwalimu mstaafu, mama mkali huyo! Aliwahesabu mara mbili, mpaka dereva akatetemeka."

Asubuhi ya Ijumaa Mama Ogata Sumiko aliwapokea sebuleni kwake akiwa ameshafungua daftari. Alikuwa amenyooka kama rula.

"Tulikwenda ishirini na wawili," alisema. "Tukarudi ishirini na wawili. Nimehesabu watoto wa shule miaka thelathini na minane, Inspekta, na sijapoteza hata mmoja."

"Uliwahesabu vipi?"

"Nilipita katikati ya viti nikigusa tepe. Utepe mmoja, mtu mmoja."

"Na nyuso?"

"Nyuso gani? Huu ni msimu wa chavua ya mierezi. Wote wamevaa barakoa mpaka chini ya macho na kofia mpaka juu ya macho. Mimi mwenyewe napiga chafya kama bunduki."

"Hakuna aliyelalamika kwamba kuna kitu kimepotea? Hakuna kilichosahauliwa?"

"Mkoba tu. Dereva alipiga simu jana kwamba kuna mkoba kwenye kichanja cha juu. Nikamwambia auweke, mwenyewe ataukumbuka. Wazee husahau."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie aufungue."

Mama Ogata alipiga. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, na kila "ndiyo" ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Akakata simu. Akapiga namba nyingine kutoka kwenye daftari lake, akangoja. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

"Ni wa Tsubouchi Kiyo," alisema. "Anaishi peke yake. Hana mume, hana mtoto." Rula ile ikapinda. Alishuka kwenye kiti akapiga magoti juu ya mkeka. "Lakini niliwahesabu. Nawaapieni, niliwahesabu!"

"Nani alikaa naye kwenye basi?"

Alikuwa Bwana Iwase, jirani wa nyumba ya tatu, mzee wa miaka themanini na sita mwenye sikio moja tu linalofanya kazi. Hamaguchi alilazimika kupaza sauti mpaka mbwa wa mtaani wakamjibu.

"Kiyo?" alisema Bwana Iwase. "Kwenda, aliniua kwa maneno. Mwanamke yule akikaa kando yako hupumui. Kurudi, kimya. Njia nzima, kimya kabisa! Nikasema leo miungu imenihurumia."

"Hukushangaa?"

"Mtu hashangai akipata raha. Nikampa chenza. Akala manne yangu, asinibakizie hata moja."

"Alikulaje?"

"Swali gani hilo? Alifyonza maji, nyuzinyuzi akazitema kwenye kiganja, kama mtoto mchanga." Alimtazama Kuzumi, kisha Hamaguchi, kisha mlango wa nyumba ya Kiyo mtaani kule, ambao magazeti mawili yalikuwa yamechomekwa kwenye tundu lake. "Kiyo alikuwa anavunja njugu kwa meno," alisema polepole. "Yule alikuwa nani?"

Basi liliwashusha wote mbele ya kituo cha treni, kila mmoja akashika njia yake. Kuzumi alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha polisi cha hapo kituoni, na askari wa zamu hakuhitaji hata kufungua kitabu. Ndiyo, Jumatano jioni walimkuta bibi mwenye mkongojo kwenye viti vya abiria. Alisema halijui jina lake wala kwao. Wakampeleka nyumba ya wazee ya manispaa, wakatuma taarifa kwa vituo vyote.

"Mlituma lini?"

"Alhamisi saa sita mchana, afande. Na kwenu pia."

Hamaguchi alipiga simu kituoni kwao. Taarifa ilikuwepo, kwenye kikapu cha karatasi zisizosomwa, chini ya tangazo la mashindano ya judo. Wakati wao wakichoma tope la Shirasawa kwa fimbo, mtu waliyekuwa wakimtafuta alikuwa kwenye meza yao. Kuzumi alichukua ufunguo. Aliendesha gari mwenyewe, na Hamaguchi alishika mkanda kwa mikono miwili.

Nishiwaki Hanae alikuwa ameketi dirishani kwenye chumba cha kufulia, akikunja taulo. Alikuwa mdogo wa umbo, mashavu yameingia ndani, mkongojo ameulaza mapajani. Hakuna aliyemwamuru kukunja taulo. Mhudumu alisema alikuwa ameomba mwenyewe.

"Bibi Hanae," Kuzumi aliita, akachuchumaa mbele yake.

Mikono ikasimama juu ya taulo. "Jina hilo umelipata wapi, mwanangu?"

"Kwa Takao."

"Simjui mtu huyo."

"Basi nisimulie ya Jumatano, bila Takao."

Bibi alikunja taulo moja mpaka mwisho, akalilainisha kwa kiganja. Sauti yake, ilipokuja, haikuwa ya mtu asiyelijua jina lake.

"Niliambiwa nisubiri togwa. Nikasubiri. Nimelea, najua togwa haichukui saa tatu. Mkoba wangu ulikuwa umeondolewa karatasi zote, na jina langu limefumuliwa kwenye koti, uzi kwa uzi. Mtu aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona."

"Ukaja naye hata hivyo?"

"Nilitaka kuona maua."

Hamaguchi aligeuka akatazama mashine ya kufulia.

"Akapita mama mmoja mwenye maneno mengi," Hanae aliendelea. "Akaniona nalia. Akaniuliza, nikamwambia kila kitu. Alikataa katakata! 'Haiwezekani,' anasema, 'hakuna mtoto wa hivyo. Amepotea tu mahali, bustani ni kubwa.' Akaandika jina na gari. Akachomoa utepe wake kwenye pini akanifungia kwenye kifungo. 'Basi letu lile lina joto, kakae kwenye kiti changu, nikimpata nitamleta hapohapo.' Akaenda mbio kwa miguu yake ile mifupi."

"Na basi likaondoka."

"Alipita mwalimu akanigusa hapa. Akasema, 'Ishirini na mbili.'" Alipagusa kifuani. "Nilijua mwenye kiti hajarudi. Nilijua, mwanangu, usije ukaandika kwamba sikujua. Ningefungua mdomo wangenishusha. Sikuufungua."

Chumbani mashine moja ilimaliza mzunguko wake, ikanyamaza.

"Alipata basi jingine?" Hanae aliuliza. "Yule mama?"

Kuzumi alikuwa amewahi kuficha mambo mbele ya mashahidi, kwa hila ya kazi. Hapa hakuona hila ya kumfaa mtu. "Amekufa, bibi. Wamemkuta kwenye njia ya maegesho ya nyuma. Alikuwa bado anamtafuta Takao."

Taulo lilianguka. Hanae hakuliokota. Muda mrefu alitikisa kichwa, taratibu, kama anayekataa kitu anachoongezewa sahani moja baada ya nyingine.

"Kuna jingine," Kuzumi alisema. "Takao alikuja kumtazama. Akasema ni wewe. Mazishi yako ni kesho saa nne."

Macho ya bibi yalibaki makavu. Aliuliza neno moja tu. "Alilia?"

"Hapana."

Tanuri lilisimamishwa kwa simu moja. Saa sita kasoro Hamaguchi alimleta Nishiwaki bila kumwambia anapelekwa wapi. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya msiba, imepigwa pasi. Aliingia chumba cha kufulia akiuliza kibali, akamwona. Akashika fremu ya mlango.

"Mama."

Alimgeukia Kuzumi kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Wewe una mama, Inspekta? Anaamka usiku mara ngapi? Wangu mara sita. Miaka tisa! Kazi nimeacha, mke ameniacha, nimepondaponda wali mpaka viganja vimekufa ganzi, na kila siku naambiwa sijui kuponda! Nilipomfunua yule maiti nikaona si yeye..." Akavuta kola yake. "Mlikuwa mmeshaandika jina. Karatasi ilikuwa tayari. Nilikuwa wa kusema 'ndiye' tu. Nani kati yenu asingesema?"

"Tsubouchi Kiyo asingesema," alijibu Kuzumi. "Huyo ndiye uliyetaka kumchoma kwa jina lisilo lake. Amekufa akikutafuta, kwa sababu hakuamini kwamba mtoto kama wewe anaweza kuwepo."

Kisha akafungua daftari lake, maana maelezo yalihitaji jambo moja zaidi, na sheria ilitaka liulizwe mbele ya wote wawili.

"Bibi, unamfahamu mtu huyu?"

Hanae alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka kwenye mvi. Aliitazama ile suti nyeusi, na kola yake ambayo upande mmoja ulikuwa umegeuka, kisha mkono wa bibi ukanyoosha kidole kuelekea kola hiyo, ukarudi mapajani.

"Simfahamu," alisema. "Lakini nasikia amefiwa na mama yake. Mpeni pole."

Nishiwaki alishusha pumzi. Ilitoka ndefu, mpaka mabega yakalegea na mikono ikaning'inia, na Kuzumi, aliyezisikia pumzi za watu wengi katika kazi yake, aliitambua. Haikuwa ya uchungu wala ya aibu. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo mlangoni kwake baada ya safari ndefu.

Hanae naye aliisikia. Ndipo machozi yalipomtoka.